Gunia Kati Yangu na Mama Mkwe

Wasomaji wangu, wiki jana mliniacha nje ya geti ya kiwanda, nimechelewa tena, nyapara amenipa onyo ya mwisho. Na huko nyumbani mtaa wa Munyaka, Eldoret, bibi yangu Namalwa amebeba sufuria zote akarudi kwao. Aliniachia stovu bila utambi na kalenda ya mwaka jana.

Munyaka kwa Kikuyu ni bahati. Nimeishi huko tangu niache shule Form Two. Mimi na hiyo bahati bado hatujakutana.

Wengine wenu mlinisimamisha barabarani mkaniambia nimfuate. Mmoja pale mtaa wa West Indies akaniambia nioe mwingine, na bibi yake alikuwa amesimama hapo hapo. Sijui huyo alilala wapi.

Mimi nilimfuata.

Kwao ni ng'ambo ya mto, karibu na Lumakanda. Kuna daraja ya mbao. Ukiivuka umetoka Rift Valley, umeingia Western. Nilimkuta Namalwa ameketi nje ya nyumba ya kaka yake Wanyama, anachambua kunde, tumbo imemtangulia kama mgeni wa heshima.

"Jacktone," akasema bila kuinua kichwa, "kama umekuja kunirudisha Munyaka, njia uliyokuja nayo bado iko."

"Nimekuja kukusalimia."

"Nimeshasalimika."

Nikaketi kwa jiwe. Akaendelea na kunde zake. Halafu akatoa hukumu.

"Mtoto wangu hatazaliwa kwa chumba ambayo mvua inaingia kabla ya mwenye nyumba. Hii ya Wanyama ni ya matofali na iko tupu. Yeye yuko Mombasa, hata Krismasi hakuji. Baba amesema tukae. Wewe lala hapa, uende kazi Eldoret, urudi."

"Kila siku?"

"Kwani kazi yako iko London?"

"Namalwa, mwanaume hakai kwa wakwe."

"Mwanaume anakaa mahali hanyeshewi. Jaribu wiki moja. Ukishindwa, rudi Munyaka. Lakini mimi sirudi, na huyu wa tumboni harudi."

Sasa oneni vile nilikuwa kwa kona. Nikibaki Munyaka, sina bibi wala mtoto. Nikihamia ng'ambo na nichelewe mara moja tu, sina kazi. Na mtu wa Form Two akipoteza kazi Eldoret, anarudi kusukuma mkokoteni. Hiyo nimeshafanya. Mgongo bado unaniuliza maswali.

Nikasema sawa, nitajaribu.

Kabla hata sijavua viatu, chifu wa huko akafika. Alikuwa amesikia kuna sura ngeni kwa eneo lake. Akanizunguka mara mbili kama ng'ombe ya mnada.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Eldoret, Mzee. Lakini nitakuwa nalala hapa."

"Unafanya kazi mkoa mwingine, unalala mkoa mwingine. Na mwaka huu ni wa kupiga kura kwa mlolongo. Utasimama mlolongo ya wapi?"

"Nitasimama kwa daraja, Mzee."

Hakucheka. Kuna mengine alisema, mhariri wa gazeti ameyakata, na mimi namshukuru, yeye ana watoto wa kulisha.

*

Kutoka huko ndani kulikuwa na gari moja tu ya kukufikisha Eldoret kabla ya king'ora ya kiwanda. Lori ya maziwa ya Kipyego. Ukienda na miguu mpaka lami Turbo na ungoje gari ijae, utafika kiwandani wenzako wameshakula lunch.

Kipyego ni mtu wa Turbo, hana nywele hata moja, na anaendesha kama mtu ameiba hiyo maziwa. Abiria walikuwa wanasimama nyuma kati ya mikebe, wengi wao akina mama wa soko.

Siku ya kwanza ilikuwa mvua. Bado giza. Kipyego alikuwa ametufunika na turubai, humo ndani huoni hata pua yako. Nilishika chuma, nikajibana. Mama mmoja akaniegemea kwa bega.

"Kijana, nishikie hii kikapu. Ni mayai. Ikivunjika moja, utataga wewe."

Nikaiweka katikati ya magoti. Mimi mama wa watu nawaheshimu.

"Unaenda wapi mapema hivi?" akauliza.

"Kazi, Mama."

"Afadhali wewe. Mimi niko na mkwe huko Eldoret, wacha tu. Mtu bure kabisa. Alichukua mtoto wangu akamweka kwa chumba hata kuku angekataa. Sasa ameshindwa na maisha, anataka kuja kuolewa kwangu."

Watu wakacheka humo gizani. Na mimi nikacheka. Sikuwaza. Eldoret imejaa wakwe.

"Huyo si mwanaume, Mama," nikasema. "Ningekuwa mimi, ningemfukuza na mbwa."

"Mbwa tuko nayo."

"Basi unangoja nini? Ifungue!"

Lori yote ikashangilia. Nilijisikia mtu wa maana. Kulikuwa na mama mwingine, Kavetsa, muuza ndizi, sauti yake hata king'ora inaweza kuiomba kazi. Akasema, "Kijana ana akili huyu! Mama Namalwa, huyu ndiye ungepata akuolee mtoto!"

Mama Namalwa.

Nikashika hiyo kikapu na mikono yote miwili. Na Kipyego naye, wakati mbaya hivyo, akasimamisha lori kwa kituo cha mikebe akavuta turubai. Mwangaza ukaingia.

Kama wewe si mtu wa kwetu, wacha nikueleze. Sisi, mtu na mama mkwe wake hawaangaliani uso. Hawasalimiani na mkono. Hawaongei wawili wakiwa peke yao, lazima mtu awe katikati. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwa mahindi. Mimi mwenyewe nimeshasimama kwa mahindi ya watu mpaka mwenye shamba akaniitia mwizi. Siku ya mahari tulikuwa nyumba mbili tofauti. Uso wangu alikuwa hajawahi kuuona.

Lakini mikono alikuwa amesikia habari yake.

Mimi kiwandani niko upande wa rangi. Mikono yangu ni ya bluu mpaka kwa kiwiko. Nimeosha na sabuni, nimeosha na mafuta ya taa, nimesugua na mchanga. Bluu imekataa kutoka. Na sasa hiyo mikono ilikuwa imeshika kikapu yake.

Mama akaangalia mikono. Mikono ikaangaliwa.

"Wuuuwi!"

Akajifunika shuka kichwa yote. Mimi nikageuka nikaweka uso kwa mkebe, nikajiona humo, bluu na mjinga. Akina mama walikuwa wanacheka mpaka mmoja akaketi chini kwa maji.

Mama mkwe akaongea kutoka ndani ya shuka. "Kavetsa! Uliza huyo mtu mayai yangu iko wapi."

"Jacktone, mama anauliza mayai."

"Mwambie iko hapa katikati ya magoti yangu."

"Mama, anasema iko katikati ya..."

"Nimesikia! Mwambie sasa nitauzia nani?"

Kipyego akapanda nyuma. "Nani amekufa?"

Wakamweleza wote kwa pamoja. Akashika kipara chake.

"Hata sisi tunaheshimu wakwe. Lakini si kwa lori yangu! Mama, shuka ungoje gari ingine."

"Nishuke mimi?" Mama akafura ndani ya shuka. "Kavetsa, mwambie huyo Kipyego nimepanda hii lori tangu akiwa na nywele!"

"Mama, mimi si mkwe wako, niambie tu mwenyewe," Kipyego akasema. "Basi wewe kijana, shuka."

"Nikishuka sina kazi," nikauambia mkebe.

Kipyego akafikiria. Akatoa magunia mbili kuukuu, akaziunganisha na kamba, akazitundika katikati ya lori kutoka chuma hii mpaka ile.

"Huku Western, huku Rift Valley. Mtu asivuke bila ruhusa."

Na hivyo ndivyo nilianza kwenda kazi.

*

Msicheke. Hiyo gunia ilifanya kazi. Kila asubuhi nilifika kabla ya king'ora. Nyapara aliniona, akaangalia saa yake, akaitingisha, akaiweka kwa sikio.

Shida ilikuwa ndani ya kiwanda. Jirani yangu wa mashine ni Nicanor, mdomo wake haujawahi kufunga kazi. Alikuwa ananilaki na vigelegele.

"Bibi harusi amefika! Jacktone ameolewa ng'ambo! Wamekulipia ng'ombe ngapi?"

"Nicanor, fanya kazi."

"Shemeji hajambo? Anakuruhusu kutoka nje?"

Lakini jioni nikirudi nilikuta nyumba ya matofali, moto, ugali ya wimbi, na Namalwa amenyoosha miguu. Mvua ilinyesha usiku ikabaki nje, mahali pake. Nilianza kuizoea.

Hata mama mkwe alianza kulegea. Kwanza alikuwa anatuma matusi kupitia Kavetsa. Halafu akaanza kutuma maswali. Siku moja yai ya kuchemsha ikapita juu ya gunia, mkono wa Kavetsa umeishika.

"Mama anasema kula. Ati unasimama kama mwiko."

"Mwambie asante."

"Anasema asante ni ya kujenga nyumba, ya yai hataki."

Ijumaa jioni Namalwa alikuwa kimya. Watoto wa huko walikuwa wamegundua mchezo. Mmoja anashika gunia, wawili wanasimama huku na huku wanatukanana. Na sokoni, mama yake walikuwa wameshambatiza Mama Gunia. Mimi nilisikia nikacheka. Namalwa hakucheka. Nilidhani ni mtoto anampiga teke.

Hiyo ndiyo ilikuwa makosa yangu, na nilikuwa na ingine tayari mfukoni. Kwa sababu hiyo Ijumaa mchana nilikuwa nimeamua. Nahamia ng'ambo, kabisa. Wacha Nicanor apige vigelegele mpaka meno yang'oke. Ila sikumwambia Namalwa. Nilitaka ashtuke na furaha.

Chumba yangu ya Munyaka nilimpa Nicanor mwenyewe. Alikuwa anatafuta mahali pa kumweka msichana wake Chepkorir, wameanza maisha. Nilimpa ufunguo, nikamwachia kitanda, pazia, na ile koti yangu ya zamani iko msumarini.

"Godoro nitaichukua," nikamwambia.

"Chukua. Bibi harusi huenda na matandiko yake."

Jumamosi asubuhi akaja kazini na godoro yangu kichwani. Johnstone, askari wa geti, akaniwekea kwa kibanda chake, akalala juu yake mpaka king'ora ya mchana ikalia.

Nikaibeba nikakimbia nayo mpaka sokoni. Lori ilikuwa imeshaanza kutembea. Nikatupa godoro ndani, nikajitupa na mimi. Nikaanguka upande wangu wa gunia kama kawaida. Naujua kwa sababu ndio unanuka maziwa.

"Wuuuwi!" Ilikuwa sauti ya mama, ng'ambo ya gunia.

Nikangoja Kavetsa atafsiri. Nikachungulia kwa chini. Miguu ilikuwa miwili tu, ya mama. Kavetsa na akina mama wengine walikuwa wamebaki mtaa wa Pioneer, kanisa yao ina harambee.

Basi tukawa wawili peke yetu. Na mikebe mitupu. Mikebe ikiwa na maziwa ni watu wapole. Ikiwa mitupu, hata mabomu hutasikia.

Mama akagonga mabati ya dereva, ngo ngo ngo! Kipyego alidhani tunagombana kama kawaida. Akajibu na honi, akaongeza moto.

Mama akakohoa. Nikanyamaza kwa heshima.

Akakohoa tena, kama trakta. Nikanyamaza zaidi.

Halafu akaanza kuimba. Ilikuwa wimbo ya kanisa, sauti juu kabisa, lakini kwa zile kelele nilishika neno moja tu, "geuka, geuka". Nikasema, huyu ananihubiria. Ameona godoro, amejua nimehamia kabisa, anataka niokoke kwanza. Sawa. Nikamsaidia na besi. "Geukaaa!"

Kitunguu ikaruka juu ya gunia ikanipiga kwa sikio.

Ikafuata ingine. Halafu kifuniko ya kikapu. Nikajifunika na godoro, nikajiambia, Jacktone, vumilia, ni furaha ya kupokea mkwe. Tukaenda hivyo mpaka Turbo, na kutoka Turbo mpaka mtoni, mimi chini ya godoro, yeye anaimba na kutupa.

*

Kwa daraja Kipyego husimama. Zile mbao zimelegea, kwa hivyo abiria hushuka wavuke na miguu, lori ifuate ikiwa nyepesi. Mikebe ikanyamaza. Nikaruka chini haraka nitangulie, ili mama aje nyuma vizuri bila kuniona. Godoro kichwani, nikaingia darajani. Nilikuwa hata napiga mluzi.

Nilikuwa katikati kabisa ya daraja nikasikia gunia inapasuka. Kraaa!

"Jacktone Shitanda!"

Sauti hiyo ilikuwa haijawahi kutamka jina yangu. Ilikuwa "huyo mtu" siku zote. Nikajifunika macho na godoro.

"Toa hiyo kitu kwa uso!"

"Mama, heshima..."

"Heshima imeniua tangu Eldoret! Toa! Namalwa amerudi Munyaka!"

Nikatoa.

Alikuwa amesimama mwanzo wa daraja, kitambaa imeanguka, kipande ya gunia iko mkononi. Kwa mara ya kwanza nikauona uso wake. Alikuwa Namalwa kabisa, aliyekasirika miaka mingi.

"Alipitia kwangu sokoni mchana," akasema. "Alipata lifti ya pikapu ya mahindi. Kutoka hapo sokoni sufuria zote ziko kwa mkokoteni. Amesema hawezi kuona mama yake anaitwa Mama Gunia, na bwana yake anaitwa bibi harusi. Ati bora avumilie mvua. Na mimi nikambariki, nikampa mayai."

"Lakini alisema harudi!"

"Na wewe ulisema mwanaume hakai kwa wakwe! Godoro unaipeleka wapi?"

"Nilikuwa nahamia, Mama. Kabisa. Chumba nimeshapeana."

Kipande ya gunia ikamtoka mkononi. Mto ukaendelea na mambo yake huko chini.

"Umempa nani?"

"Nicanor wa kazini."

"Basi Nicanor atamweleza."

"Nicanor yuko overtime mpaka jioni. Aliye kwa chumba ni Chepkorir."

"Chepkorir ni mwanaume?"

"Hapana, Mama."

"Ni mzee?"

"Hapana, Mama. Ni... wa rika ya Namalwa."

"Yuko peke yake? Kwa chumba yako?"

"Kwa kitanda yangu, Mama. Na kukiwa na baridi, nadhani amevaa na koti yangu."

Mama mkwe akaweka mikono miwili kichwani.

"Na mtoto wangu ameenda na mwiko ya ugali," akasema polepole.

Mnamjua Namalwa. Wiki ya pili ya hadithi hii mlisoma vile alimfanya yule karani wa Pioneer aliyemshika kiuno, na wakati huo hakuwa na tumbo wala mwiko.

"Basi leo nilale kwa Wanyama," nikasema, "kesho mapema nitafute..."

"Ulale wapi? Nimekuona uso! Nimekuita jina, tumeongea hapa bila mtu katikati! Huwezi kulala upande huu mpaka wazee wakae na kondoo ya kututakasa ianguke. Baba yake Namalwa akisikia nimepasua hiyo gunia, hata mimi nitalala nje."

Nikaangalia mbele, Western. Kule juu niliona bati ya nyumba ya Wanyama. Nikaangalia nyuma, Rift Valley. Wingu jeusi lilikuwa linaelekea Eldoret, na mimi nalijua lile, linapenda sana Munyaka. Nikamkumbuka chifu. Nilimwambia nitasimama kwa daraja, na ona.

Kipyego akatoa kipara dirishani. Gurudumu za mbele zilikuwa zimeshapanda mbao.

"Nyinyi watu wawili! Maziwa ya jioni inaningoja. Niende mbele ama nirudi nyuma? Nikivuka, leo sitoki tena. Amueni!"

Mama akaniangalia. Nikamwangalia. Tulikuwa hatujazoea, macho yalikuwa yanateleza.

"Mjibu wewe," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Mwambie atupeleke nyumbani kwako."

"Nyumbani wapi, Mama?"